Rangi Mpya ya Gari la Baba

Tororo, 14 Februari 1954

Mwanangu Zulaika,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikiinama. Wewe je, na mtoto? Mumeo Mangeni mwambie nimemsalimu. Ndiyo, umesoma vizuri, nimemsalimu.

Tangu tumzike mama yako nyumba hii imekuwa kubwa mno. Napika wali wa watu wawili kwa mazoea, halafu naula peke yangu mpaka kesho yake. Nilisema mguu wangu hautakanyaga boma la mtu aliyemwoa binti yangu kanisani, na nilisema mbele za watu. Sasa wale watu wamekwenda makwao, mimi nimebaki na maneno yangu. Nataka kuja kumwona mjukuu wangu kabla sijafa.

Lakini siwezi kuingia kwa wakwe na Ford ile jinsi ilivyo. Kutu imekula milango, na rangi ya kijani imebaki mabaka mabaka. Watasema, huyu ndiye aliyekuwa akitukataa? Nimeanza kuikwangua kwa msasa hapa uani. Ikiwa tayari, nakuja.

Babako,
Sulaiti

Lumino, 9 Machi 1954

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta napepeta ulezi. Nilikaa chini pale pale nikalia, mpaka mama mkwe wangu, Taaka, akadhani kuna msiba. Sisi sote wazima, Mangeni tu ana kikohozi, nacho kinakwisha. Hilo goti likande kwa maji ya moto, usilidharau.

Baba, njoo kwa basi. Njoo hata kwa lori la samaki la Majanji, hilo hilo linalokuletea barua hii, na unisamehe harufu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa hakuna atakayetazama rangi. Mvua ya mwaka jana ilituhadaa, Mangeni hajamaliza kodi, na likitokea gari la serikali nyumba nzima tunakimbilia shambani. Sisi si watu wa kuonewa haya.

Rehemah anatembea sasa. Nilimpa jina la mama, nadhani ulisikia. Nimemfundisha honi yako ya mpira, ile inayolia kama bata mwenye mafua. Nikimwuliza, "Babu anasemaje?" anajibu, "Pooo-po!" Unakumbuka nilivyokuwa nikiisikia tangu kona ya soko, natoka mbio bila viatu, na mama huku anabandika chai? Hiyo tu ndiyo tunayoingoja.

Mwanao,
Zulaika

Tororo, 25 Aprili 1954

Mwanangu Zulaika,

Asalaam aleikum. Barua yako ilinuka samaki kweli, paka wa jirani alinifuata mpaka mlangoni. Goti ni lile lile. Kikohozi cha mumeo kimepona?

Usinicheke. Jioni moja nilipaka rangi, nikawasha karabai ili nione vizuri, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kumbikumbi wa Tororo nzima wakatoka ardhini wakaja kulala kwenye gari langu. Asubuhi lilikuwa na mbawa kama kuku! Nikakwangua upya kwa msasa wa maji, mlango kwa mlango. Sasa nimetundika chandarua cha mama yako juu ya gari, na ardhi naimwagia maji vumbi lisinyanyuke. Mara nyingine nakaa humo ndani ya chandarua, mimi na gari, tunatazamana. Hakuna mwingine wa kutazamana naye.

Rangi gani sikuambii. Nimefunga taa mpya na bampa unaloweza kujiangalia ukichana nywele. Na kuna kitu kingine nimebadilisha, hicho mtakisikia wenyewe. Jana jirani yetu Omaido alipita akasema, "Mzee, hii gari yako sasa nafanana ya bwana mkubwa!" Nilifurahi, nikufiche nini. Nataka Mangeni naye aone kwamba umetoka kwa watu.

Idd ikipita nakuja. Siku sitaji, nataka niwashtue.

Babako,
Sulaiti

Lumino, 18 Julai 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Sisi hatujambo.

Idd imepita zamani. Tulifagia njia, Mama Taaka akafunga jogoo mguu kwa ajili yako, mwisho tukamfungua. Ni goti? Ni rangi tena? Au moyo umegeuka? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Zulaika

Lumino, 5 Septemba 1954

Baba,

Shikamoo. Dereva wa lori la samaki ananiambia amekuona sokoni, mzima wa afya, na alipotaja jina langu ukampa mgongo. Basi si ugonjwa. Nimeumia, Baba. Ila nitaandika tu, maana nikinyamaza na mimi tutakuwa tumekwisha.

Nikueleze ya hapa, labda utacheka kama zamani. Mwezi wa sita, siku chache baada ya Idd, serikali ilitufikia mpaka mlangoni. Gari jeusi, linang'aa mpaka macho yanauma. Likapiga honi kali kule kwenye njia, Mama Taaka akapiga kelele, "Kodi! Kodi nakuja! Kimbia!" Tukaacha chungu motoni tukaingia kwenye mtama. Likapiga tena mlangoni, na tena. Tukasikia mwenyewe anashuka, anasimama uani muda mrefu. Sikuthubutu kuinua kichwa. Rehemah akaanza kulia, nikamziba mdomo kwa kiganja mpaka gari likaondoka. Maharage yote yaliungua.

Tangu siku ile akisikia gari lolote analia. Lakini nikimwuliza Babu anasemaje, bado anajibu.

Mwanao,
Zulaika

Tororo, 26 Septemba 1954

Mwanangu Zulaika,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea mikononi.

Yule hakuwa serikali. Alikuwa mimi.

Rangi ilikuwa nyeusi, na honi ilikuwa ya umeme. Nilivaa kanzu mpya na koti. Nilipiga honi mara ya tatu nikitegemea utoke mbio bila viatu. Nikaona chungu kinachemka na mlango uko wazi, nikajua hamko mbali. Kisha nikasikia mtoto analia ndani ya mtama, na kilio kikakatwa. Nikasema moyoni, mama yake hataki nimwone. Nilitaka kuita jina lako, nikageuka nikarudi garini. Kitambaa cha mtoto nilichomnunulia nikarudi nacho. Njia nzima sikuona barabara vizuri, na haikuwa mvua.

Uliniambia mapema njoo kwa basi. Nikaona bora nije kama bwana mkubwa, na bwana mkubwa watu humkimbia. Nisamehe, mwanangu. Mtoto mwambie Babu anaomba radhi.

Gari sina tena. Nililiuza mwezi wa saba kwa mtu wa Mbale, kwa hasira, sikutaka kuliona uani. Chandarua nimekikunja. Lakini honi ya mpira sikumpa. Ilikuwa imebaki chini ya kitanda tangu niifungue, na leo nimeifuta vumbi nikaibana. Bado ina mafua.

Jumamosi hii napanda basi mpaka Busia, halafu lori la samaki likirudi Majanji litanishusha Lumino. Kutoka hapo nitatembea, pole pole kwa ajili ya goti, huku naibana kwa mkono. Watu wa njiani wacheke wanavyotaka. Mkisikia honi isiyo na gari, msikimbilie shambani. Bandika chai.

Babako,
Sulaiti