Planche Saba za Papa

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Nimerudi ku kazi. Wiki tatu tangu tuzike papa. Mu herbier, fasi ya kutunza mimea mikavu kwenye tulitumika na papa, iko bado ile harufu ya naphtaline ya kufukuza wadudu na magazeti ya zamani — nililia mbele hata ya kuvua koti. Ku meza yake, presse yake, zile mbao mbili za kukandamiza mimea mu magazeti, kamba zimefungwa vile alizifunga ye mwenyewe. Nikafungua. Planche saba, kila moja mumea mukavu ndani ya gazeti lake, zote ile nyasi yake ya mu maji, Eleocharis: haina majani, iko fito tu na kichwa kidogo juu. Miaka makumi tatu aliifata mu matope. Maman alizoea kusema ile nyasi njo bibi wa kwanza, ye ni wa pili.

Ku kila gazeti aliandika numéro tu. 2311 mpaka 2317. Fasi kwenye aliingoa, tarehe, urefu wa maji, vyote aliandikaka mu carnet, kadaftari kake kadogo. Ile carnet ilikuwa mu poche ya kushoto ya koti yake kila siku, hata ku misa.

Najua iko wapi. Mungu wangu, najua.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimemuambia chef wetu wa herbier, muzee Mushagalusa. Ni mimi niliiweka. Siku ya kumuzika, kule kwetu Cimpunda, wamama walikuwa wamekwisha kumuvalisha veste, koti lake la bleu. Nikasema hapana, papa hawezi kwenda bila carnet yake. Nikaiingiza mu poche, nikafunga bouton. Watu wote wakalia, wakanisifu, mutoto wa upendo! Mimi mwenye kutunza karatasi za herbier. Mujinga wa mwisho.

Chef hakunigombeza. Alisema tu planche bila fasi na tarehe haiingie mu base de données ya ordinateur, iko nyasi kavu tu. Armoires, kabati zetu, zimejaa. Ijumaa anatupa zote zenye hazina étiquette, kile kikaratasi cha fasi na tarehe.

Jumatano, 11 Oktoba

Tonton Jean-Claude, mudogo wa papa, anasema niandike tu fasi ni Mumosho, kwenye papa alikuwa anaendaka, nani atajua?

Papa atajua. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilibahatisha fasi ku étiquette moja. Aliipasula mbele yangu, polepole, vipande vidogo-vidogo. "Joviale, fasi haujue, usiiandike. Mutu atakuja kesho kuitafuta, utakuwa umemudanganya." Nilimukasirikia wiki muzima. Leo angekuja anipasulie hata mia.

Niliwaza kaburi — kulifungua. Ndiyo, niliwaza. Nilijiogopa mwenyewe. Maman sikumuambia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mumosho. Mvua, matope mpaka magoti. Nimekuta maman Adèle, analima pale. Anamukumbuka vizuri: ule muzee wa bottes, viatu virefu vya matope, mwenye kuomba ruhusa mbele ya kungoa nyasi. Alikuja mwezi wa munane. Nikafurahi! Halafu akaongeza: siku ile presse yake ilikuwa imekwisha kuwa na vitu, alikuwa ametoka kwanza Sange, fasi ingine ya maji.

Basi ngapi ni za hapa, ngapi ni za Sange? Hajue.

Akanionyesha fasi ya maji. Wamechimba mifereji, maji yamekwenda, wamepanda maharagi. Nyasi ya papa, hata moja. Kama zile saba zilitoka hapa, njo za mwisho. Na siwezi kusema.

Ijumaa, 13 Oktoba

Asubui, ndani ya gazeti la 2317, kikaratasi. Mwandiko wake! Nikasoma: "Joviale, mengine yote ona mu carnet."

Nimelia mpaka nimechoka.

Saa tisa. Nimepiga étiquettes zote saba ku machine. Récolteur, mwenye kukusanya: Ignace, papa yangu. Numéro. Fasi nimeacha wazi. Tarehe wazi. Chini, ku remarques, fasi ya maelezo, nimeandika: "Carnet iko mu poche ya kushoto ya veste yake. Ni mimi niliiweka."

Chef ameingia na carton ya kutupia. Amesoma ya kwanza, amesimama. Sasa anasoma ya pili, na maneno ni yaleyale. Ameshika ya tatu. Carton iko bado chini ya kwapa lake.