Swali la Tatu kwenye Kompyuta ya Maryamu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimerudi kutoka Korogwe, miguu si yangu. Lakini kompyuta ya Maryamu ipo! Ya mtumba, sawa, ila inawaka kuliko mpya. Jirani yangu Josefina aliniona nashuka na begi la kompyuta, akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ni kifaa cha mwanachuo wa kilimo, yeye aendelee kuanika mahindi. Akacheka, eti hilo begi nimelipakata kama kichanga. Sasa niliburuze?

Kwa fundi Bonaventura nilikaa tangu saa nne mpaka adhuhuri. Kompyuta ilipowaka ikataka intaneti, ikataka na barua pepe. Nikasema kwetu Handeni mtandao mpaka upande kichuguu, mwanangu hawezi kuomba ruhusa mbali kila akitaka kuandika. Akasema hakuna shida mama, tunafungua akaunti ya humu humu ndani. Akazima intaneti, akaandika maneno yake kwenye kidirisha cheusi, ikakubali. Ila akanionya: ile ya mtandaoni ukisahau paswedi kuna pa kukimbilia. Hii ya ndani ni maswali matatu tu. Ukikosa majibu, umebaki nje.

Maswali yenyewe nimeyajibu kwa habari zangu, Maryamu anazijua — jina la utotoni: Kadogo. Mahali nilipozaliwa: Mashewa. La tatu, shule ya kwanza kusoma.

Nimechoka. Hilo nitaliandika kesho.

Jumapili, 6 Julai 2025

Naandika. Daftari hili halisomwi na mtu.

Sikusoma shule. Maryamu anajua nilimaliza la saba Korogwe mjini, nimemwambia hivyo tangu hajang'oa meno ya utoto. Ukweli ni kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la mkonge, nikiwa na mimba yake. Mwalimu alisema tuandike kila siku, mkono usisahau. Ndiyo naandika mpaka leo.

Jana ningeweza kutaja ile ile ya Korogwe. Niliogopa! Nilidhani kompyuta itahakiki, kama wanavyohakiki kitambulisho, ikigundua uongo imfungie mwanangu. Na kwenye benchi watu wamejaa, masikio wazi. Nikainama, nikamnong'oneza fundi sikioni. Akaandika. Alichoandika sikukiona, miwani ilikuwa kwenye mkoba.

Alhamisi, 24 Julai 2025

Maryamu kapiga simu kutoka Dindira, yuko fildi, mafunzo ya vitendo, kwa wakulima wa chai. Ripoti yake ya chuo imefika kurasa thelathini na moja! Nani mwingine mtaa huu ana mtoto wa kurasa thelathini na moja? Akanisomea ukurasa wa shukrani: anamshukuru mama yake Swaumu, aliyeishia la saba lakini alimfundisha kusoma kabla hajaanza shule. Nikalia. Akadhani ni furaha. Na furaha ilikuwemo.

Josefina nimemsimulia mara mbili. Hilo la saba nimeliruka.

Maryamu amebadilisha paswedi ya kompyuta, maana yule Angel anayelala naye chumba kimoja anachungulia. Vizuri.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Siku mbovu. Tumepukuchua mahindi tangu asubuhi, mgongo umekufa. Alasiri simu ya Maryamu: Shikamoo mama, homa imeniachia, ila paswedi nimeisahau kabisa. Ripoti inatakiwa chuoni Ijumaa, na ipo humo humo tu, hakuna pengine. Bila ripoti anarudia mwaka.

Amejaribu maswali. Kajibu Kadogo, Mashewa, na shule ya Korogwe. Imekataa. Haisemi kosa liko wapi, inasema tu si sahihi. Mama, una uhakika ulizaliwa Mashewa?

Nikasema nilikuwepo.

Akacheka kidogo, akasema basi atapita Korogwe kwa fundi. Nikamwambia usipite, njoo nyumbani kwanza, ule, upumzike. Mimi nimesema hivyo! Mtoto katoka kuumwa, amebakiwa na siku tatu, na mimi namzungusha mpaka Segera, mpaka Handeni, kwa aibu yangu mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Kafika saa tisa. Amekonda. Kala ugali na mlenda, akaenda kuoga. Mimi mbio kwenye kompyuta, miwani puani. Kadogo, Mashewa, kisomo. Imekataa. Kisomo cha watu wazima. Imekataa. Hakusoma. Imekataa. Nikasikia ndoo inatua chini, nikaifunika.

Akanikuta nachambua mboga. Akasema mama, mboga gani inakutoa jasho hivyo?

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nilitaka kumwambia kwenye chai ya asubuhi. Kikombe cha kwanza nikaongelea mahindi. Cha pili nikaongelea panya wanaokula mahindi.

Sasa ni mchana. Maryamu kachoka kubahatisha, kampigia fundi. Yuko sebuleni, simu kaiweka spika, mimi niko chumbani nasikia yote. Bonaventura anasema kuvunja mlango anaweza, ila haahidi kama ripoti itabaki. Bora majibu. Maryamu kauliza: pa kuzaliwa uliandika Mashewa? Ndiyo, Mashewa. Na shule?

 Fundi kasema: dada, maneno yenyewe nayakumbuka, ila hilo mama aliniambia sikioni. Mwambie aniruhusu kwanza.

Akuruhusu nini, jina la shule?

 Bonaventura karudia lile lile: mama aruhusu kwanza.

Mama! Maryamu ananiita. Mama, fundi anasema ulimnong'oneza. Ulimnong'oneza nini?

Nimemjibu asubiri, navaa kanga. Nimeivaa tangu asubuhi.