Kipande cha Kadibodi

Tarehe 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kitini, si umelala chini ya greda. Goti linaendeleaje? Na masikio? Mama ameniambia kwamba siku hizi hata kengele ya karakana huisikii mpaka uwaone wenzako wanakwenda kula. Ndiyo maana nakuandikia. Mara ya mwisho tulipoongea kwa simu ulisema "halo" mara kumi na moja, kisha ukampa Mama simu yake.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na kitanda kinacholalamika kila nikigeuka, lakini maji yanatoka kila siku. Kazini wameniweka upande wa haidroliki kama nilivyoomba. Ungefurahi, Baba. Ni mambo yale yale ya mitambo yako: mafuta, pampu, mipira ya kupitishia mafuta na presha. Tofauti ni kwamba greda likikataa kazi linasimama pembeni ya barabara, na ndege huko juu haina pembeni.

Tuna mashine ya manjano yenye magurudumu manne, tunaiita Punda kwa sababu haiendi popote bila kuvutwa. Ndege ikiwa imezimwa na kuinuliwa kwa jeki, tunamleta Punda chini ya tumbo lake, tunaunganisha mipira yake miwili, tunamwasha, naye anasukuma mafuta ndani ya ndege. Hapo tunaweza kukunja na kukunjua miguu ya ndege humo humo ndani ya banda. Mafuta yenyewe ni ya zambarau, mazuri kuyatazama, lakini yakigusa jicho unalia kama umemenya gunia zima la vitunguu.

Sasa nikuambie kilichonipata. Jumanne Punda alikuwa anavuja. Geji ya presha ilishuka kidogo kidogo, lakini tone hatukuliona. Nikafanya ulivyonifundisha: nikavua glovu, nikapitisha kiganja taratibu juu ya mpira nikitafuta unyevu. Sikufika hata nusu. Mkaguzi wetu, mama mmoja mfupi ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alibonyeza kitufe chekundu, Punda akazimika, kisha mama huyo akanidaka mkono kama amekamata mwizi. Akaniuliza, "Nani alikufundisha hivyo?"

Nikamjibu kwamba nilijisahau.

Ameniondoa kwenye haidroliki kwa wiki sita. Nafagia banda na kupanga vifaa kabatini. Lakini alinieleza sababu, na sababu hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie leo badala ya kusubiri Jumapili. Tundu la mpira likiwa dogo kama ncha ya sindano, kwa presha ile mafuta hayalowanishi mkono. Yanaingia ndani ya mkono. Yanapita hata glovu. Unaona kidoa tu, tena hakiumi. Baada ya saa chache nyama ya ndani inaanza kufa, na usipopasuliwa siku hiyo hiyo unakatwa kidole, au mkono mzima. Sisi tunapaswa kutafuta uvujaji kwa kipande kirefu cha kadibodi, mkono ukiwa mbali.

Baba, greda lako nalo lina presha ya kutosha. Nakuomba uanze kutumia kadibodi.

Msalimie Mama. Mwambie shuka alizonipa zimenifaa.

Mwanao,
Spana


Tarehe 14 Februari

Kwa Spana wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku hatujambo. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Mama yako ana mafua lakini hayajamzuia kusema.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikidhani labda nimekosea. Kadibodi! Miaka thelathini na moja nimetibu magreda na matingatinga kwa mkono huu. Wenzangu wakishindwa kuona panapovuja wananiita, napitisha kiganja mara moja, nawaambia hapa. Fundi mzima niingie chini ya mtambo na boksi la sabuni mkononi? Mchomeleaji, unamjua, yule tunayeshiriki naye meza ya chai, amecheka mpaka miwani yake ya kuchomelea ikamdondoka.

Lakini si hilo lililoniuma. Nakuambia wazi, maana wewe si mtu wa kuzungushiwa maneno. Umeulizwa nani alikufundisha, ukasema ulijisahau. Hukujisahau. Ulikuwa na miaka tisa, umenifuata karakana siku ya likizo, umekonda kama spana namba kumi, ndiyo jina lenyewe likaanzia hapo. Nilikushika kiganja nikakipitisha juu ya mpira wa tingatinga, ukapiga kelele, "Baba, hapa pana ubaridi!" Na kweli palikuwa panavuja. Siku hiyo nilijua nimepata mrithi.

Sasa umekwenda kwenye ndege, baba yako amekuwa mtu wa kufichwa. Basi sawa.

Kula vizuri.

Baba yako


Tarehe 23 Februari

Baba yangu,

Shikamoo tena, na tena. Mafua ya Mama yameisha? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia tangu nilipopata barua yako.

Umesema kweli, sikujisahau. Nilipoulizwa nilikuona wewe, na watu saba walikuwa wamesimama pale wakinitazama. Niliogopa wangekucheka. Nikajiambia nakulinda. Lakini nikilala kwenye kitanda changu hiki cha kelele najua kwamba niliona aibu pia, kidogo, na aibu hiyo ndiyo inayonichoma. Nisamehe.

Jana nilimfuata Mkaguzi ofisini kwake nikamwambia: baba yangu ndiye aliyenifundisha, ni fundi wa mitambo ya barabara, na haidroliki yote niliyokuja nayo hapa niliipata kwake. Nilidhani ataniongezea wiki. Aliweka kalamu chini akauliza, "Bado anafanya kazi?" Nikasema ndiyo. "Bado anapapasa mipira?" Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Basi mwandikie. Tena kwa herufi kubwa, mafundi wa zamani hawasomi herufi ndogo."

Kwa hiyo nimekuwekea karatasi nyingine humu ndani ya bahasha. Nimemwomba Mkaguzi aisome kwanza, akaongeza mstari wa mwisho kwa mkono wake. Si lazima uniamini, Baba. Ibandike tu ukutani.

Mwanao anayekuheshimu,
Spana

*MAFUTA YA PRESHA YAKITOBOA NGOZI
UTAONA TUNDU DOGO TU.
HALIUMI. HIYO NDIYO HATARI YAKE.
USISUBIRI LIUME. NENDA HOSPITALI SAA HIYO HIYO.
WAAMBIE: NI MAFUTA YA MTAMBO, YAMEINGIA KWA PRESHA.
DAKTARI: SI MWIBA. HUYU NI MGONJWA WA UPASUAJI, LEO.*


Tarehe 5 Machi

Spana,

Marahaba. Mafua yamemtoka mama yako yakanihamia mimi.

Karatasi yako nimeibandika juu ya meza ya chai, pembeni ya kalenda. Mchomeleaji anaisoma kwa sauti kila asubuhi akiiga mchungaji. Kila mtu sasa akijikwaruza anapiga kelele, "Daktari, si mwiba!" Umetupatia burudani ya bure.

Umefanya vizuri kumwambia mkubwa wako ukweli. Nimefurahi, sitaficha. Hilo la aibu tuliache, hata mimi nilimficha baba yangu viatu vyake vilivyochakaa siku ya harusi yangu.

Ila mkono wangu ni mkono wangu.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Ile ya kwanza nilikuelezea nilivyorudishwa kwa Punda siku tatu kabla ya muda wangu kwisha, na wewe jambo kama hilo usingeliacha lipite bila utani.

Nampigia Mama, ananiambia, "Baba yako yupo, atakuandikia mwenyewe." Nikimuuliza yuko wapi, anasema amelala. Saa nne asubuhi, Baba? Wewe? Nikauliza kama ni goti, akasema si goti. Kisha akaanza kunieleza habari za bei ya mkaa.

Sikuulizi mengi. Niandikie mstari mmoja. Ukiwa umekasirika, niandikie umekasirika. Nimeomba ruhusa ya siku nne kuanzia tarehe ishirini. Nisipopata barua kabla ya hapo utaniona mlangoni.

Spana wako


Tarehe 13 Aprili

Kwa binti yangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, na barua hii imenichukua siku tatu. Mama yako alitaka kuniandikia, nikakataa. Usimlaumu, alikaa kimya kwa amri yangu.

Ilikuwa tarehe kumi na nane Machi. Greda lilikuwa linashusha lenyewe bledi yake ya kukwangulia udongo, na mafuta yanayovuja hayaonekani. Nikaingia chini nikapitisha kiganja kama kawaida. Nikahisi kitu kama mbu kwenye kidole cha shahada. Nikapangusa kwa kitambaa, nikaenda kunywa chai. Kulikuwa na kidoa, basi. Hakikuuma hata kidogo.

Mchomeleaji akaniuliza nimepatwa na nini, nikamjibu kwa utani wetu ule ule: "Daktari, si mwiba." Hakucheka. Alishika kidole changu, akakibonyeza, likatoka tone la mafuta badala ya damu. Akatazama ukutani. Mwanangu, nimefanya kazi na mtu yule miaka kumi na minane na sijawahi kumwona na uso ule. Aliing'oa karatasi yako na gundi yake, akanipakia kwenye pikipiki na chai yangu ikabaki mezani.

Hospitali wakaniambia, "Mzee, umechomwa na kitu, kunywa hivi vidonge, kikivimba urudi kesho." Nilikuwa nimeshasimama kuondoka, maana mimi ndiye niliyetamani zaidi kuamini. Mchomeleaji akaweka karatasi juu ya meza. Yule kijana wa mapokezi akaisoma, akaenda nayo ndani. Akatoka daktari wa upasuaji mwenyewe, ameishika mkononi, akauliza, "Nani kaandika hii?"

Nikamwambia ni binti yangu. Nikamwambia ni fundi wa ndege.

Walinipasua jioni ile ile. Mafuta yalikuwa yameshateremka mpaka kwenye kiganja. Kidole kimekwenda, lakini kiganja na vile vinne vingine vipo, naambiwa vitafanya kazi. Daktari alisema kama ningesubiri kesho tungekuwa tunazungumzia kiwiko. Karatasi yako hawajanirudishia. Wameibandika mapokezi.

Nilinyamaza kwa sababu sikujua nitaanzaje. Kukosa kidole nimeshazoea. Kinachoniamsha ni kile kiganja cha mtoto wa miaka tisa ambacho nilikishika mimi, nikakisukuma mimi juu ya mpira wenye presha, nikajisifu. Ungeweza kukipoteza pale pale, na ningekuambia ni kidoa tu. Nakuomba msamaha, Spana. Nilikufundisha kwa mapenzi yote niliyonayo, na nilikufundisha vibaya.

Njoo tarehe ishirini hata kama barua hii umeipata. Mama yako ameshaanza kufua mapazia.

Baba yako


Tarehe 26 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, na kitanda kimenipokea kwa kelele zake.

Zile siku nne zimepita haraka. Sikukuambia pale, kwa sababu ulikuwa umelala kweli safari hii: nilikaa pembeni ya kitanda chako nikaushika mkono wako uliofungwa bendeji, nikalia mpaka Mama akaniletea taulo. Nilikuwa na hasira na wewe. Sasa hasira imekwisha, imebaki shukrani tu kwamba upo.

Msamaha uliouomba sina wa kukupa, maana sina kinyongo. Kiganja changu ni kizima. Kinajua pampu yenye hewa ndani kwa kuigusa tu, kinajua nati iliyokazwa kupita kiasi, na yote hayo ni wewe. Umenifundisha mambo mia, moja tu ndilo lilikuwa kosa.

Fanya mazoezi ya vidole kama daktari alivyosema. Usimdanganye Mama kwamba umeshafanya.

Mwanao,
Spana


Tarehe 27 Agosti

Spana wangu,

Marahaba, na salamu tele kutoka kwa mama yako na Mchomeleaji. Tazama, mwandiko umerudi mkono wa kulia, ingawa kalamu naishika kama mtu anayeogopa kuungua.

Wiki ya pili sasa nimerudi karakana. Wamenipa kazi ya kukagua. Boksi lolote linaloingia, la sabuni, la vipuri, la viatu, nalikatakata vipande virefu na kuvitundika kwenye msumari chini ya kalenda. Anayeingia chini ya mtambo bila kipande, namtoa nje kwa mguu. Wamenipa jina, wananiita Mzee Kadibodi. Nimelikubali, kuna mabaya zaidi.

Humu ndani ya bahasha utakuta kipande kimoja. Kitazame vizuri kwenye mwanga wa dirisha lako. Katikati kuna tundu, dogo sana, na pembeni yake doa la mafuta. Limetoboka juzi asubuhi, chini ya greda lile lile. Nilikuwa nimekishika mwenyewe kwa mwisho wake wa chini, mkono mbali, na sikuhisi chochote. Nilipotoka na kuliona tundu, nilikwenda moja kwa moja kutafuta bahasha.

Kitunze. Na Mkaguzi wako akikuuliza tena nani alikufundisha, mwonyeshe hicho, umwambie ni baba yako.

Baba yako