Wewe ni Binti wa Nani

Jumatatu, 13 Januari 2020

Nimewaogesha wazee wanne kabla ya saa nne asubuhi. Bibi wa chumba cha kumi na moja kanipiga kofi la mkono, kisha kaniomba radhi, kisha kasahau yote mawili. Mgongo unauma.

Wakati wa chai habari ilikuwa ile ile ya wiki nzima: mjukuu wa malkia wa Uingereza na mkewe wanataka kuachana na mambo ya kifalme. Chumba kizima kina maoni. Utadhani wamealikwa kwenye kikao cha ukoo. Latoya, mwenzetu wa jikoni, anasema wakubwa wafanye watakavyo ila mtoto wao angepewa cheo, mtoto kakosa nini? Yeye mjukuu wake kamwita King. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba akikua, bosi wake atake asitake atamwita Mfalme. Hapo sina la kupinga. Spesiose, Mrundi, mwenzangu wa zamu, anasema kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hata la baba hachukui, na watu bado wanajuana. Kisha wakanigeukia mie. Nikasema chai yangu inapoa.

Nimenyamaza kwa sababu ninalo la kusema. Mwanangu wa pekee, Rahma, siku yoyote atajifungua. Mtoto wa kiume, picha imeonyesha. Mumewe Talib ni sharifu, watu wa Lamu, nasaba yao inapanda mpaka kwa Mtume. Kwa hiyo mtoto anazaliwa na cheo chake, Sharifu fulani, wala hakuna wa kumvua. Sawa. Cheo ni chao. Mie niliomba jina tu. Rahma kaniahidi tangu siku ya kwanza: akiwa mwanamume ataitwa Mabruki, jina la baba yangu. Sina kaka. Nimezaa mmoja. Baba asipopata wajina hapa, hapati tena.

Leo nimempigia simu. Kasema, "Mama, jina hilo kwao gumu."

Nikamuuliza nani kasema. Kasema ni gumu tu, tuyaache.

Jumatano, 15 Januari

Baridi. Gari halikutaka kuwaka. Nimefika kazini Richardson nimechelewa, nikaandikiwa onyo.

Kundi letu la simu, la Waswahili wa huku Texas, nalo limeambukizwa. Mtu wa Fort Worth kauliza: mtoto apewe jina la cheo au asipewe? Sultani, Amiri, Malkia? Basi ikawa sokoni. Wengine wanasema jina ni dua, mwite mwanao mkubwa awe mkubwa. Wengine wanasema ukimwita Sultani na baba yake anaendesha teksi utamchekesha nani. Bwana mmoja nisiyemjua kaandika ndefu, kamalizia kwa kusema angalau tusiwape watoto majina ya kitumwa, hayo ya kina Mabruki na Feruzi, tutawatia nuksi. Watu wamecheka. Sikutaka kuangalia ni nani na nani.

Niandike tu, hapa hakuna anayesoma. Ni kweli. Ni majina waliyopewa watumwa. Baraka, heri, jiwe la thamani, vitu vizuri vizuri, tajiri akiita aone raha kuita. Babu yangu Feruzi kazaliwa katika nyumba ya mtu. Nyumba haikuwa yake, na yeye mwenyewe hakuwa wake. Baba alizaliwa huru, Ng'ambo ya Unguja, akawa fundi chokaa. Chokaa ilimla vidole. Aliupaka msikiti wa masharifu kuta zote nne, ndani na nje, kisha akaswali safu ya nyuma. Sikumsikia hata siku moja akilionea haya jina lake.

Nimekasirika. Hao wakwe wana cheo, wana nasaba, wana kila kitu. Jina moja la fundi chokaa litawapunguzia nini?

Ijumaa, 17 Januari

Alhamdulillahi. Kazaliwa saa mbili asubuhi. Rahma mzima. Mtoto mzima, analia kwa sauti ya ugomvi.

Talib kamuadhinia sikio la kulia, kamkimia la kushoto. Nesi kauliza jina. Talib kamwambia mpaka siku ya saba. Nesi kanitazama kwa huruma, kaona hatujaelewana. Hakukosea sana.

Masikio ya baba yangu yale yale. Makubwa.

Jumapili, 19 Januari

Nimechukua likizo ya wiki, niko kwa Rahma na Talib, Garland. Kumchua mzazi, uji wa pilipili manga, nguo, mtoto, nguo tena. Mashine ya kufulia haipumziki.

Talib kasema baba yake, Sharifu Idarusi, anakuja Alhamisi kutoka Houston kwa akika ya siku ya saba, na jina analo. Alawi, la babu yake. Kasema kwa furaha kabisa. Rahma alikuwa ananyonyesha, hakuinua uso.

Nimempakulia Talib chakula chake nikaondoka. Kaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nimemwambia siumwi. Kijana hana ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ningempata mkwe mbaya ningejua pa kuanzia.

Jumanne, 21 Januari

Nimefanya jambo la aibu.

Asubuhi Talib yuko kazini, Rahma kalala na mtoto. Nikaichukua simu nikampigia Sharifu Idarusi. Mie! Mkwe kumpigia mkwe mwenzake kumgombeza! Kwetu hata kula meza moja tunaoneana haya, akipita nafunika kichwa. Lakini wiki nzima nimemeza, nimechoka kumeza. Nikasema yote bila kuvuta pumzi. Kwamba cheo chao hakitapungua uzito kwa jina la baba yangu. Kwamba baba yangu hakuiba, hakuomba, hakumdhulumu mtu, na wenye vyeo wangapi wanaweza kusema hivyo. Kwamba kama ni utumwa, aone haya aliyenunua, si aliyenunuliwa.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema polepole, "Bi Mwanaidi, jina hilo leo ndiyo kwanza nalisikia. Mwezi uliopita nilimuuliza Rahma, kwenu mna jina mnalolitaka? Nikamwambia nitafurahi. Akaniambia kwenu hamna."

Nikasema mlango unagongwa. Haukuwa unagongwa.

Nimekaa juu ya kitanda cha wageni mpaka adhuhuri. Siku zote hizi nawalaani watu wa Lamu. Si wao. Ni mwanangu.

Jumatano, 22 Januari

Sikulala vizuri. Asubuhi nilitaka kunyamaza, nimeshindwa. Tabia yangu naijua.

Rahma alikuwa kwenye kochi, mtoto kifuani. Nikamwambia nimezungumza na Sharifu. Hakukana. Hakulia pia. Kanisimulia kitu ambacho sikukijua miaka ishirini. Alikuwa na miaka tisa, Unguja, kwenye harusi ya watu wakubwa. Kakaa na wenziwe kwenye mkeka, wanasubiri halua. Mama mmoja akapita akiwauliza mmoja mmoja, weye wa nani, na weye wa nani. Rahma akajibu kwa kujisifu, mjukuu wa Mabruki. Yule mama akamshika mkono taratibu, akampeleka uani kwa wapishi. Akapewa bakuli la vitunguu thomu amenye. Kamenya mpaka harusi inakwisha. Hakuna aliyemtukana. Walimweka tu pale walipoona ndipo pake.

Nilikuwepo harusi ile. Nilikaa mbele, sikuulizwa, na sikumtafuta.

Nikamwambia, mwanangu, huku si kule, na wewe ni nesi, na mumeo anakupenda, na babu yako. Maneno mengi. Akaningoja nimalize.

"Mama, siku ya posa Baba Sharifu alikuuliza, wewe ni binti wa nani. Ulimjibu nini?"

Nikaanza kukunja nguo za mtoto.

"Ulisema chai iletwe. Mie nilikuwa mlangoni nimeshika sinia."

Ni kweli. Yote ni kweli. Nilisema marehemu baba alikuwa mtu wa mjini Unguja, kisha nikaita chai. Niliogopa posa isivunjike. Nikajiambia ni kwa ajili yake. Na yeye kasimama pale, kajifunza.

Nimeona haya. Sina neno jingine. Nimejifungia chooni nikafungua bomba nilie. Mwanamke wa miaka hamsini na minane. Nilimtaka mtoto wa siku tano abebe jina ambalo mie mwenyewe sikuweza kulitamka mbele ya sinia ya chai.

Alhamisi, 23 Januari

Akika imepita. Miguu inawaka moto, lakini niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Mbuzi wawili, wamechinjwa shamba la nje ya mji. Biriani kwa sufuria mbili. Wanaume sebuleni, wanawake upande wa meza ya chakula, pazia limefunguliwa nusu. Nilimleta Spesiose, kala sahani tatu na kauliza kama na kwenye karamu ya siku ya arobaini tutamwalika. Sharifu Idarusi alinisalimia kwa adabu ile ile, kana kwamba sikumpigia simu kumtukana. Mtoto kanyolewa, kalala usingizi wake.

Ukafika wakati wa jina. Sharifu hakulitaja. Akageukia upande wetu, akauliza mbele ya watu wote, kwa mama wa mtoto kuna jina?

Rahma akatazama chini, kashika ncha ya mtandio. Nilijua kabisa Sharifu ananifungulia mlango. Neno moja tu nilikuwa nalo mdomoni, na hakuna ambaye angenipinga. Ningeshinda. Kisha mwanangu angeliita jina hilo kila siku, kwa hofu ile ile, bakuli la thomu miguuni.

Nikasema, "Alawi ni jina jema, Sharifu. Mwiteni hilo."

Watu wakaanza kuitika. Nikaona nisiishie hapo, maana nikiishia hapo nimeita chai mara ya pili.

"Ila siku ya posa uliniuliza mie binti wa nani, na sikukujibu. Mie ni Mwanaidi binti Mabruki bin Feruzi. Baba yangu alikuwa fundi chokaa, Ng'ambo."

Sauti haikuwa nzuri. Ilikwaruza. Lakini ilifika sebuleni.

Sharifu akasema Mungu amrehemu, wanaume wakaitika amin, akamnong'oneza mtoto jina lake, basi. Dari halikuanguka. Mama mmoja wa Mombasa alisogea karibu yangu jikoni baadaye, tukifunika sufuria. Kanambia bibi yake mzaa baba akiitwa Zafarani, jina la aina ile ile, na watoto wake mwenyewe hawajui. Kisha kaniomba mfuko wa kuwekea nyama.

Rahma hakuniambia kitu leo. Nami sikungoja aseme.

Jumapili, 26 Januari

Kesho narudi kazini. Nimepanga nguo za Alawi kwa ukubwa, nimempikia Rahma vyakula vya siku nne, nimeweka kwenye friji.

Alasiri kaja mgeni, mke wa rafiki wa Talib, ndiyo kwanza wamehamia Cedar Hill. Simfahamu. Kaleta nguo za mtoto na keki. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, wao sebuleni. Wakazungumza hali ya hewa, nauli za ndege, mtoto anafanana na nani. Kisha likaja lile swali letu, tunalouliza popote duniani tukionana. Kamuuliza Rahma, nyie hasa watu wa wapi, kwa nani?

Nikafunga maji.

Talib hakuwepo, wala Rahma hakujua kama nasikiliza. Kisha nikamsikia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu ni wa masharifu wa Lamu. Mie kwetu Unguja, Ng'ambo. Mjukuu wa Mabruki, fundi chokaa."

Mgeni kasema aa. Kisha kauliza mtoto ananyonya vizuri.

Nimesimama pale na sahani mkononi, machozi yananitoka kama mjinga. Kisha nikafungulia maji nikamalizia vyombo.