Mbabula Inayozima Chini

Mombasa, Jumatatu

Bahati, mdogo wangu,

Ninakusalimu wewe, na Chantal bibi yako, na watoto, lakini Mama yetu kabla ya wote. Mnaamkaje huko? Mabomu ya Sake yanawaachia usingizi? Mgongo wa Mama unaendeleaje tangu anyeshewe na ile mvua ya njiani akikimbia vita kutoka Kalengera? Mimi ni mzima. Joto la hapa linanionea na chumvi inakula vyuma vya madirisha yangu, lakini ninasimama.

Nimeamua kuandika kwenye karatasi kwa sababu karatasi huwezi kuikatiza maneno. Kwenye simu, nikiwa bado katikati ya neno, wewe umekwisha kujibu. Jana ulinicheka, mimi dada yako mkubwa, ukasema, "Yaya, mambo ya bazungu ilishaharibu kichwa yako," kisha simu zangu nyingine hukuzipokea. Basi sasa utanisoma mpaka chini. Barua hii inaletwa na Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, jirani yetu wa Kibati kabla moto wa mlima, ile volkano, haujala nyumba yako na yake. Anaondoka leo. Nimemwambia asitoke kwako kabla hujamaliza kusoma. Unamjua, hatatoka.

Nianze na habari za kazi, maana hasira yangu ilianzia huko. Wiki iliyopita nilikuwa ninatafsiri katika semina ya afya ya bahari, kwenye hoteli moja ya hapa. Ninakaa ndani ya kibanda cha vioo, mtu anasema Kifaransa ukumbini, mimi ninakitoa Kiswahili palepale. Mama mmoja mtaalamu, wa makamo kama mimi, alieleza vizuri sana. Bahari inameza moshi wetu, wa magari, wa viwanda, wa misitu tunayochoma. Gesi ile ikiingia majini inayafanya maji kuwa makali, mpaka konokono wa baharini wanashindwa kujenga nyumba zao. Joto nalo linapika matumbawe, yale mawe yenye uhai ambamo samaki wanazaliana, yanabaki meupe kama mifupa. Hilo sikulisoma tu. Wavuvi wa hapa walinipeleka nikaona kwa macho yangu, meupe kabisa, na hakuna hata samaki mmoja wa kupita kusalimia.

Kisha akasimama bwana mmoja wa tai, mshauri wa makampuni. Akasema mjadala haujafungwa. Dunia ilipata joto na baridi tangu zamani, tusitie watu hofu. Na mimi ninalipwa kuyasema maneno yake kwa sauti ya upole! Niliyasema yote. Alipoketi nikabonyeza kitufe cha kuzima kipaza sauti, nikamtukana kwa Kinyarwanda, tusi lile la Papa, baba yetu, la kumfukuza ng'ombe mkaidi. Kumbe kitufe hakikuzima. Ukumbi mzima ulisikia. Hakuna aliyeelewa ila mama mmoja wa Gisenyi, ambaye alicheka mpaka akatoka nje. Bwana wa tai aliniinamishia kichwa, akidhani ninamshukuru.

Mjadala gani, Bahati? Nimesoma vitabu vyao, vya upande huu na upande ule. Wanaobishana ni wale wanaokula katika kubishana. Ndiyo maana nilirudi nyumbani nimechoka vibaya, na jana nilipokupigia simu nikasikia maneno ya yule bwana yakitoka kinywani mwako bila tai. Nilikwambia mazuku, ile hewa mbaya ya mabonde ya Lac Vert inayoua mbuzi na watu, ni gesi ileile inayoharibu bahari. Ukaniuliza:

"Ile gaz iko dunia muzima?"

"Iko dunia nzima, kidogo kidogo."

"Na inauaka batu?"

"Ikijaa mahali pamoja, inaua."

"Basi, yaya, mbona weye ungali unasema?"

Nikamsikia Chantal akicheka nyuma yako. Lilikuwa jibu tamu, ninakiri. Kwenye kilabu wangekununulia bia. Lakini mimi sikuwa nimepiga simu kwa ajili ya kilabu.

Hebu tutazame kiwanja chako. Mlima ulipokula nyumba ya Kibati, wewe ulikwenda kununua kiwanja huko Lac Vert, na kilichokupendeza ni lile shimo la chini. Udongo laini, hakuna lava ya kuvunja kwa nyundo, maharagwe yanaota kijani. Mtu wa Goma akiona udongo usio na mawe anasahau jina lake. Hukujiuliza kwa nini wenyeji wamebanana juu ya mawe makali, na kuacha udongo mzuri vile ukae mtupu. Wewe na Chantal mkajenga juu kwa sababu barabara iko juu. Mama alipokimbia vita, ukamjengea kanyumba ka mbao chini kule, ili asikwaruze miguu yake kwenye lava. Ulifanya kwa heshima. Hilo silibishi, na mtu akilibisha nitapigana naye.

Sasa sikia. Juzi Mama alinitumia ujumbe wa sauti. Alitaka kulalamika tu juu ya mbabula na makala yake, jiko na makaa kama wanavyosema hapa Mombasa, unajua anavyolalamika kwa raha. Anasema: "Solange, makala ya hapa ni ya bure. Asubuhi naweka mbabula chini kwa mulango, moto inazima yenyewe. Naibeba mpaka kule juu kwa Chantal, inawaka muzuri. Tena kuku zangu zimekufa, banasema ni ugonjwa." Kisha akaniuliza kama ninakula.

Nilikuwa jikoni. Nikaurudia ujumbe ule, nikaurudia tena, sufuria ikaungua. Makala ni yaleyale, mbabula ni ileile. Chini inazima, juu inawaka. Bahati, huo si ubovu wa makala. Mazuku ni nzito kuliko hewa. Inatoka ardhini na kutulia ndani ya shimo kama maji ndani ya beseni. Wakati hakuna upepo inapanda, jua likichoma na upepo ukija inatawanyika, nanyi mnasema hapakuwa na kitu. Moto haupumui humo. Kuku ni wafupi, wametangulia. Anayefuata ni mtu aliyelala.

Na nani analala chini? Mama. Tangu matetemeko ya wakati ule wa mlipuko alikataa kitanda, anasema ardhi ikicheza anataka kuisikia kwa mbavu. Na sisi wote, watoto wa vita, tumefundishwa jambo moja kabla ya kusoma: mlio ukianza, lala kifudifudi, usiinue kichwa. Wewe mwenyewe uliniambia kwa majivuno kwamba mabomu ya Sake yakisikika unawateremsha watoto kwa Mama, kwa sababu shimo linawakinga na vipande. Ulivyosema ilikuwa na akili, hata mimi nilikusifu. Sasa ninashindwa kukaa kwenye kiti. Wamelala humo na pua zimegusa udongo, wamenyamaza kama mlivyowafundisha, na mtu akiacha kupumua katika giza lile mtafikiri amepata usingizi.

Nilimpigia Mama nikamwambia atoke. Akajibu: "Bahati ndiye alinijengea. Nikitoka bila neno lake, batu batasema alishindwa kuchunga mama yake. Akisema nipande, nitapanda." Nikamlilia. Akaniambia nisilie kwa simu, ni kupoteza salio. Chantal naye akasema mwenye nyumba ni wewe. Kwa hiyo kila mlango niliougonga umenirudisha kwako.

Sasa soma polepole, maana neno hili sijamwambia mtu yeyote tangu nijue kubishana. Umeshinda. Bahari iache. Sema matumbawe ni meupe kwa uzee. Sema bwana wa tai ndiye mwalimu, na kwamba wazungu walitunga yote ili tusichome makala. Nenda kilabuni uwasomee, uwaambie yaya Solange mwenye vitabu vyake ameandika kwa mkono wake kwamba hajui kitu. Sitakanusha hata kama wataniuliza kwa simu mmoja mmoja. Nilikosea njia, nilikuletea dunia nzima wakati nilihitaji kukuletea shimo moja tu, na dunia hukuitaka, ukatupa vyote pamoja.

Kwa hiyo shimo usiliamini kwa sababu yangu. Mama Kavira akiwa bado amekaa hapo, Mama na watoto wapande walale juu kwenu, mbanane. Mpe Mama sababu yoyote isiyomwaibisha mtu: mgongo wake, au kwamba Chantal anahitaji msaada na watoto. Kisha asubuhi, kabla upepo haujaamka, washa mbabula, ifunge waya, uiteremshe shimoni ukiwa umesimama juu ya mawe. Usishuke nayo. Usiiname. Simama tu uangalie kile Mama anachokiona kila siku. Na mabomu yakilia, laleni hukohuko juu, nyuma ya ukuta wa mawe.

Nisalimie shangazi, dada ya marehemu Papa. Nisalimie katekista wetu anayeniombea nipunguze ulimi. Nisalimie mwalimu wako wa zamani aliyekufundisha kunijibu vile. Chantal mwambie nimesikia kicheko chake na ninampenda hivyohivyo. Watoto uwabusu kila mmoja, wakiwa wima.

Na Mama mwambie makala yake ni mazuri. Hayana kosa lolote.

Mimi yaya wako, uliyemshinda,

Solange