Saa ya Kinyua na mbuzi za baba

Mueni, usinicheke. Bado nina hasira.

Leo Kinyua amenipeleka Nairobi nimsaidie kuchagua saa. Saa! Mbili za bei kali, moja ya dhahabu, zote eti zinajua zenyewe hata Februari ya mwaka mrefu, ile ya siku 29, hurekebishi tarehe.

Na vile tumeishi pamoja hapa Machakos, hajawahi kupelekea baba mbuzi za ntheo, zile za kuniposa kimila, huko Masinga. Kwetu mimi bado si bibi ya mtu!

Nikamuuliza, "Na mbuzi?"

"Mbuzi zitangoja."

Mbele ya muuzaji, Mueni! ZITANGOJA!

Halafu bila aibu, "Nichukue gani, mpenzi?"

Nikamwambia achukue ya dhahabu, kalenda yake inafika mwaka 2100 bila kurekebishwa. Ataihitaji akiningoja.

Niko kwa baba. Nguo zangu zote ziko hapa.