Skrubu Kwenye Paja la Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, maana nimeolewa juzijuzi tu, furaha yangu haijapoa hata kidogo, lakini nimepatwa na jambo lililoniacha kinywa wazi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mpole, mcheshi, ana mikono yenye makovu ya cheche ambayo mimi naiona mizuri kuliko pete yangu, na akirudi kazini ananiita malkia wa karakana mpaka majirani wanakohoa makusudi, nami namwitikia kwa sauti ili wakohoe zaidi.

Sasa juzi alirudi amechoka, nikamwambia ajilaze nimkande, nikampaka mafuta paja la kushoto, huku juu karibu na nyonga, mkono ukagusa kitu kigumu cha mviringo chini ya ngozi, nikadhani jipu, nikabonyeza, akaruka kama aliyepigwa na umeme.

"Mpenzi, nini hiki?"

"Skrubu, malkia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo akaniambia kwamba kabla hatujafahamiana alianguka kutoka juu ya ghala, paja likavunjika, akapasuliwa na kutiwa msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa, na skrubu za kuushikilia, akaagizwa atembee na magongo na arudi kupigwa picha. Hakurudi. Alinipata mimi, akayatupa magongo darini nisije nikamwona mgonjwa, na kile kiatu cha kushoto nilichodhani ni mtindo, kumbe amekiongezea soli kwa sababu mguu unafupika. Mshauri, mwanamume huyu alicheza nami harusini mpaka mpiga muziki akaomba maji.

Nilipolia akanibembeleza, "Unalia nini? Mimi fundi, chuma nakijua. Kinachovunjika ni mfupa." Hospitali hataki, na ameniapisha nisimwambie mtu, hasa mama yangu, ambaye aliwahi kumuuliza mbona anachechemea, akajibiwa kwamba viatu vipya vinabana. Nampenda kupita kiasi, na sitaki kutoboa siri ya nyumba fungate haijaisha, lakini kila akiinuka kitini anauma meno. Nifanye nini?

Malkia wa Karakana

JIBU

Malkia, hongera kwa ndoa, na pole kwa mshtuko. Hata mimi nilipofika kwenye skrubu niliweka kikombe chini.

Nimemuuliza daktari wa mifupa kabla ya kukujibu. Msumari ule haukuwekwa umbebe mumeo maisha yake yote. Kazi yake ni kuutuliza mfupa mpaka uunge. Usipounga, kila hatua inakichosha chuma. Muulize fundi wako: akikosa koleo, waya anaukataje? Anaukunja huku na huku mpaka ukatike. Basi ndivyo anavyoufanyia msumari wake tangu siku ile ya muziki. Skrubu kutokeza na mguu kufupika ni dalili kwamba huko ndani mambo yamekwenda kombo, na soli haitibu mfupa.

Nawe, mwanangu, umegusa skrubu kwenye paja la mtu, halafu unakaa kuandika barua? Mficha maradhi kilio humuumbua. Siri ya nyumba ni ile inayoilinda nyumba, na hii inaibomoa.

Mguu ule usikandwe tena, wala asiitwe mtu wa kuunyoosha. Asiutie uzito. Mpeleke kwenye hospitali iliyompasua, wakampige picha, na wakisema arudi chumba cha upasuaji, arudi. Akianguka, au maumivu yakizidi ghafla, mwende saa hiyohiyo. Akikwambia anaona haya, mwambie hukuolewa na mguu.

Kuhusu mama yako, mwachie mumeo amwambie mwenyewe. Hatashangaa sana. Mama aliyeuliza kuhusu kuchechemea hakudanganywa na viatu, na bado alikubali kumwoza binti yake.

Kunja gazeti sasa, ukayateremshe yale magongo darini. Panda wewe. Yeye asipande.